PAPA WA FILIMU NA MAMBA WA LUALABA

Wandugu wanafunzi, sisi watu wa Kolwezi tunaogopa papa bure. Ile filimu ya mwaka 1975 ndiyo ilitutia woga. Lakini papa atapita wapi kufika huku? Bahari iko mbali, na njiani kuko maporomoko ya Inga na ya Boyoma. Tena papa, mu dunia nzima, mara nyingi haui hata watu 15 kwa mwaka. Anauma mutu mara moja, anamuacha. Hakumtafuta kwa kula.

Mamba hapana! Yeye anatafuta nyama, na ndiye jirani yetu. Analala ndani ya maji, macho na pua tu ndivyo vinaonekana, anachunga pahali watu wamezoea kuteka maji na kufua. Akikamata, anavuta chini mpaka mutu azame. Saa yake kubwa ni mangaribi na usiku.

Na bomba ikikauka, tunatuma wadogo mtoni saa gani? Mangaribi! Wakubwa wa internati, tunaomba hii desturi iishe. Waende muchana, wengi pamoja, ndoo ifungwe ku kamba. Na ile miti ya nyuma ya jiko inatosha kujenga ua pale majini.