Chetezo kisicho na skrubu kisiingie sokoni

Alhamisi moja baada ya alasiri, jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alibisha mlangoni na chetezo cha umeme kilichofungwa ndani ya leso. Jumapili alikuwa anamwoza bintiye. "Mwalimu," akaniambia hata kabla hajaketi, "hiki kimekufa. Nimekipeleka kwa fundi, akasema ninunue kingine. Nimeona nipite kwako kwanza."

Nilifundisha fizikia miaka 31 katika shule za sekondari za Pwani, na tangu nistaafu, meza yangu ya chakula imekuwa zahanati ya vyetezo vya mtaa mzima. Simtozi mtu. Kila mwezi napokea chombo ambacho hakina ubaya wowote ila uchafu, na mwenyewe ameshaambiwa dukani akitupe. Vingine naletewa vikiwa na kasoro ndogo tu, lakini siwezi kuvifungua, maana aliyevitengeneza amevibandika kwa gundi. Hivyo vya gundi ndivyo vilivyonifanya niandike.

Nilimwuliza jirani maswali ninayomwuliza kila mtu. Taa inawaka? Inawaka. Kisahani kinapata moto? Uvuguvugu tu. Na udi je? "Unakaa tu pale, Mwalimu. Ukingoja sana, inatoka harufu ya sukari iliyoungua, si ya udi." Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Taa ikiwaka, plagi na waya ni vizima. Kisahani kikipata joto, koili haijakatika. Lililobaki ni kujua joto linapotelea wapi kabla ya kuufikia udi.

Nikakipindua kichwa chini. Chini ya miguu ya mpira nikakuta skrubu tatu ndogo, nikashusha pumzi, maana kilikuwa katika vile vya zamani kidogo, vinavyofunguka. Lakini hata kabla ya kukifungua, kisa chote kilikuwa kinaonekana juu yake. Kisahani chake cheupe hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa na gamba jeusi linalong'aa kama lami, nene kama ukucha wa dole gumba, na katikati yake vipande vitatu vya udi vilivyonasa kama nzi kwenye asali.

Lile gamba ni sukari. Udi mwingi tunaofukiza pwani hupikwa: sukari inachemshwa, vipande vya mti wa udi vinatiwa humo, kisha marashi na mafuta mazuri, kila nyumba na mkono wake. Sukari huanza kugeuka kahawia ikikaribia nyuzijoto 160. Kila ukifukiza, tone moja linayeyuka, linatambaa na kuganda. Baada ya mwaka, koili ya chini imevikwa blanketi. Joto linabaki kule kule chini. Kifaa kidogo kinachokata umeme kisahani kikipata moto wa kutosha kinaona kazi imekwisha, kinakata, na udi ulio juu ya blanketi bado haujahisi kitu. Chombo kinafanya kazi sawasawa na nyumba haipati harufu.

Watu wengi hapo huchukua kisu. Msichukue kisu. Kisahani cha kauri kikikwaruzwa, gamba la pili hushika vizuri zaidi kuliko la kwanza, na kikipata ufa hakuna dawa. Chomoa waya ukutani, subiri kipoe kabisa, halafu jiulize uchafu wenyewe ni wa nini. Sukari huyeyuka kwa maji, wala spiriti haiifanyi kitu. Utomvu wa udi wa mti ni kinyume chake: maji hayaugusi, spiriti inauyeyusha. Ubani, ule wa Dhofar na wa Somalia, ndani yake mna gundi inayoyeyuka kwa maji na utomvu unaoyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo unataka vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Mtu aliyesugua kisahani cha sukari kwa spiriti siku nzima na kukata tamaa hakuwa mvivu. Ila hakuna aliyemwambia.

Kwa hiki cha jirani nilikunja kitambaa, nikakiloweka kwa maji ya moto, nikakikamua na kukilaza juu ya gamba kwa robo saa. Nikarudia mara nne. Chombo chenyewe hakizamishwi majini, wala maji hayaachwi yachirizike ndani. Gamba lililainika, nikaliinua kwa kijiti cha ufagio. Chini yake palibaki madoa ya njano, hayo ndiyo ya utomvu, nikayafuta kwa pamba yenye spiriti kidogo na dirisha likiwa wazi. Spiriti haiwekwi kamwe kwenye kisahani chenye moto. Inashika.

Marehemu mama yangu alifukiza kwa chetezo cha udongo na makaa. Makaa yaliyokolea hupita nyuzijoto 500, na udi ukiwekwa juu yake hivi hivi unaungua, moshi mweusi, harufu ya kuni. Kwa hiyo alikuwa anachukua majivu kwa ncha za vidole, ananyunyiza juu ya kaa mpaka wekundu unafifia, kisha ndipo anaweka udi. Tukimharakisha anasema kufukiza si kuchoma. Nilipoanza kusoma habari za mafuta yanayogeuka mvuke kabla ya mti kushika moto, nilikuta ni somo nililolipata mkekani nikiwa na miaka saba. Chetezo cha umeme ni yale majivu ya mama yaliyotengenezwa kiwandani: joto la kutosha kuamsha harufu, lisilotosha kuunguza. Nami nakipenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya pili iliyo nzito zaidi. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Nyumba zetu za siku hizi zina vioo na viyoyozi, hazina tena madirisha ya kupitisha pepo za kusi na kaskazi. Kwa hiyo nikisema chetezo cha umeme kidumu, sisemi habari ya anasa.

Kuna kasoro nyingine ambayo huwa naikamata bila kufungua kitu, nayo ni volti. Chetezo cha wati 40 kilichotengenezwa kwa volti 240 kikipata volti 180, kama inavyotokea jioni mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na friji, hakitoi wati 30 kama hesabu ya haraka inavyodhani. Kinatoa 22 na nusu, maana joto hupungua kwa mraba wa volti. Mwenyewe anadhani kimechoka. Kijaribu alfajiri utaona kimepona. Kinyume chake ndicho cha hatari. Nyumba nyingi za Saudia zilikuwa na umeme wa volti 127 kabla nchi hiyo haijaanza kuhamia 230, na mahujaji wetu wamerudi na vyetezo vya huko miaka na miaka. Chomeka kimoja cha wati 40 hapa Mombasa: kinavuta karibu wati 143. Kinapendeza kwa dakika tatu.

Kinachokuokoa dakika ya nne ni fyuzi ya joto, kijidude cha chuma kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kilichofungwa kwenye waya karibu na koili. Kikizidiwa na moto kinakata umeme, na hakirudi tena. Ndiyo kazi yake, kufa mara moja badala ya nyumba. Ubavuni kimeandikwa nyuzijoto zake, na lazima kingine kiwe cha nyuzijoto hizo hizo. Ukikiunga kwa lehemu bila kukishika kwa koleo ili koleo linyonye moto, lehemu yenyewe itakikata kabla hujamaliza.

Shangazi yangu wa mtaa wa Kuze alipeleka chetezo chake kwa fundi kikiwa kimekata fyuzi hiyo. Fundi aliitoa, akaweka kipande cha waya wa shaba, akapokea shilingi 200. Chetezo kikawaka, shangazi akafurahi. Wiki mbili baadaye kitako cha plastiki kiliyeyuka juu ya kigoda, moto ukashuka kwenye mkeka, na mjukuu aliyekuwa anaamkia maji ndiye aliyeuona. Nilipokifungua na kuukuta ule waya wa shaba, mikono ilinitetemeka. Nilimfuata fundi yule. Ni kijana mpole, hakunificha kitu. "Mwalimu, hizo fyuzi nimezitafuta mji mzima hamna. Nifanyeje?"

Jibu lake sijalisahau, kwa sababu ni kweli. Tumejaza maduka kwa vyetezo vya kila rangi, vya dhahabu, vya kuchajiwa, vya kwenye gari, na hakuna duka hata moja ninalolijua linalouza kisahani peke yake au fyuzi peke yake. Aliyevileta kwa kontena hakuleta hata kifuko kimoja cha vipuri. Kisha tunamlaumu fundi wa kibandani.

Na hivi vya kuchajiwa ndivyo vibaya zaidi. Nina vinne kabatini hivi sasa. Betri zake ni za lithiamu, ambazo kwa asili yake hupungua nguvu mwaka hata mwaka, hivyo aliyekitengeneza alijua tangu siku ya kwanza kwamba betri itataka kubadilishwa. Na bado akakibandika gundi kuzunguka kote. Kimoja tundu lake la kuchajia lilikuwa limeziba kwa vumbi la udi na nyuzi za mkoba, nikalisafisha kwa kijiti cha meno kikawaka. Vitatu vilivyobaki ni betri. Ili kuifikia lazima nivunje ganda, na kuvunja ganda lenye betri ya lithiamu kwa patasi ni kutafuta moto mezani. Betri ikiwa imevimba, msiiguse kabisa. Chombo kizima, chenye kisahani kizuri na koili nzima, kinakufa kwa ajili ya gundi.

Nimewahi kumweleza haya mwagizaji mmoja mjini. Alinisikiliza kwa adabu, akasema skrubu zinapandisha bei na mteja anataka rahisi. Mteja gani? Jirani yangu amenunua vyetezo vitatu kwa miaka minne, kila kimoja shilingi 2,500. Hiyo ni 7,500. Angeuziwa kimoja cha 3,500 chenye skrubu, na kisahani cha akiba cha 300, asingerudi dukani. Urahisi huo ni wa muuzaji.

Sheria haziko mbali. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini wajibu juu ya bidhaa hiyo hata ikishakuwa taka. Huko Ufaransa, Januari 2021 simu, televisheni na mashine za kufulia zilianza kuuzwa zikiwa na alama kati ya kumi, kumwonyesha mnunuzi chombo kinatengenezeka kiasi gani. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha agizo la haki ya kutengenezewa vitu. Chetezo hakimo katika orodha zao, na hawana sababu ya kukiwaza. Ni chombo chetu, sisi na Zanzibar na Lamu na Muscat, kwa hiyo sisi ndio tuna haki ya kusema kiingie sokoni kikiwaje. Mimi nasema hivi: chetezo kisichofunguka kwa bisibisi kisipewe kibali cha kuingia. Volti na wati ziandikwe kitakoni kwa Kiswahili, mahali bibi anaposoma bila miwani ya mtu mwingine. Na anayeleta vyetezo elfu alete na fyuzi, visahani na betri za kutosha, aviweke pale pale kaunta karibu na udi.

Nanyi mnaonunua, kipindueni kabla ya kutoa pesa. Mkiona mshono wa gundi bila skrubu, mrudishieni muuzaji. Mkipata chenye skrubu, kifunikeni kisahani kwa kipande cha foili kila mnapofukiza udi wa sukari, mtupe foili na kubaki na chombo. Katakateni udi mdogo mdogo, kipande kikubwa hupata moto upande mmoja tu. Na feni izimwe, dakika kumi haziwaui.

Jirani yangu alikaa mpaka magharibi. Tulipokichomeka, kisahani kilikuwa cheupe tena. Tukaweka vipande viwili visivyozidi punje ya mahindi, na kabla sijamaliza kukunja kitambaa harufu ilishafika ngazini, mjukuu wa ghorofa ya juu akaita kuuliza nani anaoa. Jirani alipokuwa anakifunga tena kwenye leso, aliniomba nimwonyeshe zile skrubu tatu ziko wapi. Akazifungua mwenyewe, akachungulia koili, akazirudisha moja moja bila kupoteza. Bisibisi yangu ndogo ilibaki mkononi mwake. Nikamwambia akae nayo.