Mama anayebeba asikule wa mwisho

Mu Likasi, gunia ya mawe inapimwa mbele ya watu wote. Ikipunguka kilo mbili, kelele inatoka. Sahani ya mama aliyeosha yale mawe, nani anaipima?

Bamama na mabinti wengi wanaingia mu kazi ya kuosha, kuchagua na kubeba mawe ya shaba na kobalti, juu falanga imekosekana mu nyumba. Mwili uliozoea kukaa kwenye meza ya soko, leo unainama mu maji na kuinua mizigo. Kuna pia mabinti wanaoanza kunyanyua vyuma kwa mazoezi. Kwa misuli hesabu ni ileile: ukiongeza uzito, ongeza chakula.

Tuweke hesabu wazi. Mwanamke wa kilo 60, mwenye kazi za kawaida, anahitaji karibu kalori 2400 kwa siku. Kazi ikiwa nguvu, anafika 2700 na kupita. Akiwa ananyonyesha, aongeze 500 hivi. Protini, ile inayojenga misuli, gramu 50 zinamtosha asiyebeba kitu. Anayeanza kuinua uzito anafaa kupata gramu 1,2 mpaka 1,6 kwa kila kilo ya mwili wake, ni kusema gramu 72 mpaka 96.

Sasa tuangalie sahani. Bukari na matembele inajaza tumbo, haijengi misuli ya kutosha. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini gramu 8 hivi. Unga wa muhogo hauna hata gramu 2. Nyumba inayochanganya muhogo mwingi juu ya bei, inapunguza protini bila kuona.

Lakini hatuongelee nyama ya kila siku. Kwa siku nzima, unga wa mahindi gramu 400, maharagi makavu gramu 150, karanga gramu 50, ndakala wakavu kiganja kimoja na mafuta kidogo: hapo mama amepita gramu 80 za protini na kalori 2500. Maharagi yana kile mahindi yamekosa, ndiyo maana vikikulwa pamoja vinasaidiana.

Wengine watasema: "Mama ameisha kuonja mu chungu." Kuonja si kula. Anayebeba bila kula vizuri anachoka, anapunguka, hata kwenda mwezini kunaweza kukatika na mifupa kulegea. Mabinti wanaokataa chakula wakiogopa kunenepa wanajifanyia hasara ileile. Na mwanamke hageuki mwanaume juu ya kula maharagi na kuinua vyuma.

Wazee wetu wanakumbuka posho. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, mu mji wetu uliowahi kuitwa Jadotville, Union Minière ilikuwa inagawa chakula kwa mfanyakazi na familia yake. Haikuwa upendo. Kampuni ilijua kwamba mtu mwenye njaa hachimbi. Lakini mama alipata sehemu yake kama muke wa mfanyakazi. Leo yeye mwenyewe ni mfanyakazi, na hakuna anayempimia kitu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ba papa, siku mama ametoka kubeba, sahani yake ipakuliwe pamoja na yenu, na samaki asiishie kwa wanaume. Na ninyi wa koperative na wanunuzi, munaopata faida mu mawe yaliyooshwa na bamama: wekeni chungu ya maharagi pale wanapooshea, pamoja na maji safi na sabuni, juu mikono yenye vumbi ya kobalti haifai kugusa bukari. Gunia moja ya maharagi haitavunja biashara ya mtu.