Sakafu Iliyofichwa Chini ya Mahindi

Udongo wenye afya katika shamba la nafaka, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu: vijitundu vinavyopitisha maji, hewa na mizizi. Udongo unaposhindiliwa, chembe zake za mchanga na mfinyanzi hubaki zote, bali vijitundu hivyo ndivyo vinavyozibwa. Kwa hiyo shamba huweza kuharibika huku kwa macho likionekana ni lile lile la miaka yote.

Katika maeneo ya mahindi na ngano ya kaskazini mwa Tanzania, kama Babati, Karatu na Hanang, na pia Uasin Gishu huko Kenya, lawama kubwa ni ya plau ya sahani. Trekta la kukodi hufika likiwa na haraka, kwa kuwa dereva hulipwa kwa ekari, nalo hulima kina kile kile cha sentimita 15 hadi 20 kila msimu. Sahani hukata udongo wa juu na papo hapo kuubana ule ulio chini yake. Tena gurudumu moja la trekta hupita ndani ya mfereji uliokwisha kukatwa, uzito wote ukiangukia udongo wa chini ambao hautaguswa tena na plau. Miaka ikipita, hujengeka tabaka gumu kama sakafu. Anayelima kwa jembe la mkono naye asijione yu salama, maana jembe lisilobadili kina hujenga tabaka la namna hiyo hiyo, tena karibu zaidi na uso wa ardhi.

Mvua kubwa ya masika ikinyesha juu ya tabaka hilo, maji hayapati pa kushukia. Hutuama hadi mahindi yageuke manjano kwa kukosa hewa, au hutiririka yakiuchukua udongo wa juu pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa taabu. Jua likiwaka wiki mbili tu baadaye, majani hujikunja ifikapo adhuhuri, ilhali unyevu upo chini na mizizi imeshindwa kuufikia. Hapo mbegu hulaumiwa, mvua hulaumiwa, na mwaka unaofuata hununuliwa mbegu ya bei kubwa zaidi ili ipandwe juu ya sakafu ile ile.

Ushahidi haufichiki kwa mwenye kuutafuta. Mahindi yakitoa mbelewele, lichimbwe shimo la futi mbili kando ya shina, na upande mmoja wake uchokonolewe taratibu kwa kisu. Katika udongo mzuri mizizi hushuka ikitawanyika. Katika udongo ulioshindiliwa hushuka kiasi cha shubiri moja, kisha hupinda ghafla na kutambaa kando, minene na yenye vifundo. Kisu nacho kitakwama papo hapo ilipopindia. Ncha ya nondo ikisukumwa ardhini siku chache baada ya mvua huonyesha pia kina cha tabaka, na kina hicho lazima kijulikane kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kulivunja.

Kulivunja kwenyewe ni kazi ya kiangazi, mara baada ya mavuno, udongo ukiwa mkavu. Ripa au sabsoila, yaani zana ya jino refu la kupasulia udongo, hupitishwa sentimita chache chini ya tabaka ili ilipasue pande zote. Ikipitishwa kwenye udongo mbichi hukata ufa mwembamba tu, na fedha imepotea. Hata tabaka lililopasuliwa vizuri hujifunga upya ikiwa plau itarudi msimu ujao na mazoea yake. Ndiyo maana mbaazi, ambayo wakulima wa Babati wamezoea kuichanganya na mahindi, ina thamani kupita punje zake: mzizi wake hushuka kina kirefu kupitia nyufa zile, na ukioza huacha njia kwa mahindi yajayo. Fiwi na ngwara nazo hufunika ardhi na kuiongezea mboji.

Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba, nayo huanza kwa kusubiri. Udongo wa kina cha plau ukiviringishwa viganjani ukawa kamba isiyokatika, trekta lisiingie shambani, hata kama majirani wote wamekwisha kulima. Sehemu kubwa ya madhara hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza, kwa hiyo trekta, trela na kombaini zifuate njia zile zile badala ya kuzagaa shamba zima. Ekseli inayobeba zaidi ya tani 10 hushindilia udongo kupita sentimita 40, kina ambacho ni shida na gharama kubwa kukirekebisha. Mifugo nayo isiachwe kukanyaga shamba lililolowa, wala mabua yasiondolewe yote.

Wenye matrekta ya kukodisha wana wajibu mkubwa hapa, na vyama vya ushirika vivyo hivyo. Chama kinaponunua trekta na plau pekee, wanachama hulipia kila mwaka kazi inayowapunguzia mavuno. Kinunue na ripa, na bei ya kuipitisha ekari moja ibandikwe ofisini pamoja na bei ya plau, mkulima achague kabla kiangazi hakijaisha.