Ufa wa Jirani Si Siri ya Jirani

Katika mitaa yetu ya miji kuna imani ambayo watu wengi huishika bila kuihoji: nyumba ya mwenzako haikuhusu. Ukiona ghorofa la jirani limepasuka, maji taka yanachuruzika ukutani na nyaya za stima zinaning'inia mlangoni watoto wanapopita, nyamaza. Ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Anayekwenda kwa bwana afya au kwenye ofisi ya kaunti huitwa mchongezi na kimbelembele. Akiwa mpangaji, huambiwa amewaletea wenzake balaa la kufukuzwa. Imani hii hujivika vazi la ujirani mwema, lakini inaua.

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la wapangaji liliporomoka Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha, wengi wao familia zilizokuwa zimepanga chumba kimoja kimoja. Kabla ya usiku huo, jengo lenyewe lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Mamlaka zilijua, na wapangaji waliendelea kulipa kodi na kulala humo kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Watetezi wa ukimya hunipiga kwa mfano huohuo: serikali si ilijua? Kuripoti kungesaidia nini? Mimi naona Huruma inafunza kinyume cha hayo. Amri iliyofungiwa katika faili la ofisi moja, bila mwananchi yeyote wa nje kuwa na nakala yake, ni amri iliyo rahisi kuzimwa. Alama nyekundu ukutani hufutwa kwa kopo moja la rangi. Faili hupotea, afisa huhamishwa, mwenye nyumba hupewa muda zaidi na zaidi. Kinachokosekana hapo ni watu wa mtaa wanaorudi ofisini kuuliza: mlisema jengo hili ni hatari, mmefanya nini? Ripoti ya majirani ina nguvu kwa sababu wanaoiandika hawahamishwi. Kila asubuhi wanapita chini ya ukuta ule.

Na hilo neno "haikuhusu" tulipime kwa yaliyotokea. Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Halikuwa na mpangaji hata mmoja. Novemba 16, 2024, jengo lingine likaanguka Kariakoo, jijini humo, asubuhi ya biashara, likafukia watu ambao hawakuwa na lolote katika umiliki wake, wala hawakusaini mkataba wa ujenzi wake. Walikwenda kuuza na kununua tu. Jengo linapoanguka halichagui wenyewe. Katika mitaa kama Pipeline jijini Nairobi, ambako maghorofa yanakaribia kugusana, la kwako linaweza kuwa imara na bado ukafa kwa sababu ya la mwenzako. Moto unaoanzia kwenye nyaya mbovu za ploti moja hauulizi mpaka uko wapi, na choo kilichofurika huku huingiza kipindupindu kule.

Ipo hoja moja nzito ambayo siwezi kuikwepa. Watu husema: ukiripoti, kaunti italeta tingatinga, na maskini watalala nje. Hofu hiyo ina msingi. Tumeona familia zikitolewa alfajiri, godoro na sufuria zikitupwa barabarani, bila notisi ya maana wala mahali pa kwenda. Anayeogopa hilo si mwoga, ni mtu anayekumbuka.

Lakini tuifuate hofu hiyo hadi mwisho wake. Je, ukimya uliwaokoa watu wa Huruma wasifukuzwe? Baada ya maafa, tingatinga lilifika mtaani humo na kubomoa majengo mengine yaliyoonekana hatari, na wapangaji wakalazimika kuhama kwa haraka. Ukimya haukuzuia kuhama. Uliisogeza tu siku ya kuhama hadi saa mbaya kuliko zote, wakati viongozi wana haraka ya kuonekana wakifanya kazi, na hakuna wa kusikiliza mpangaji anayesema ameshalipa kodi ya mwezi mzima. Ufa ukiripotiwa mapema, nguzo huweza kuimarishwa, ghorofa za juu zikapunguzwa mzigo, nyaya zikabadilishwa na mtaro ukazibuliwa, watu wakiwa bado ndani au wakihama kwa zamu. Ukiachwa hadi dakika ya mwisho, dawa inayobaki ni kubomoa.

Tuulize pia nani ananufaika tukinyamaza. Mpangaji hanufaiki, kwa maana kodi haipungui kwa sababu ukuta umepasuka. Anayenufaika ni mwenye nyumba aliyepunguza saruji kwenye zege, akaweka vyuma vyembamba, akaongeza ghorofa mbili zisizokuwa kwenye mchoro, kisha akahamia mtaa mwingine wenye nyumba salama. Kila mwezi msimamizi wa ploti humpelekea fedha. Huyo ndiye anayependa sana usemi wa kutoingilia mambo ya wengine. Inaniuma kuona maskini wakimkemea jirani yao kwa ajili ya mtu asiyelala chini ya dari lile hata usiku mmoja.

Sheria haiko upande wa ukimya. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyochakaa kiasi cha kudhuru afya kuwa kero inayopaswa kuondolewa, na inampa afisa wa afya mamlaka ya kumpa mwenye nyumba notisi; akikaidi, anaweza kushtakiwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Mtu anayeripoti nyumba mbovu haombi hisani. Anadai kilichokwisha andikwa.

Basi na iripotiwe kwa akili. Usiende peke yako ukiwa umekasirika. Kaeni wapangaji na majirani, muandike barua moja yenye sahihi nyingi, ili mwenye nyumba asipate mtu mmoja wa kumlipizia. Elezeni mnachokiona: ufa uko nguzo ipi, umeanza lini, unapita vipi. Pigeni mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe. Ufa ukiuvuka mstari huo, mna ushahidi kwamba unakua. Andikeni milango iliyoanza kukwama, vyuma vilivyotokeza kwenye zege, maji yanayotuama kwenye msingi. Barua iende kwa afisa wa afya ya umma, kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na mbaki na yenu. Mpango wa usalama wa mtaa wa Nyumba Kumi tunautumia kumwambia chifu kuhusu mgeni tusiyemjua. Sioni kwa nini tusiutumie kumwambia kuhusu nguzo tunayoijua kuwa imevunjika.

Wengine watasema mlango huu utafunguliwa kwa fitina, kwamba mwenye ugomvi wa mpaka atamsingizia mwenzake. Wapo watu wa namna hiyo. Ndiyo maana kuna mkaguzi. Uongo kuhusu ukuta ni rahisi kuubaini, kwa sababu ukuta wenyewe upo na unaweza kupimwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya majirani. Kaunti inayopokea ripoti na kumtuma mtu wa kupaka alama kisha ikakaa imefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo haimwokoi mtu. Jina la anayeripoti lilindwe. Matokeo ya ukaguzi yabandikwe hadharani, si kunong'onezwa kwa mwenye nyumba. Jengo likiamriwa kuhamwa, gharama ya kuhama na kodi iliyolipwa mapema zitoke mfukoni mwa mwenye nyumba, na kaunti ihakikishe watu wana pa kulala kabla tingatinga halijawashwa. Sheria yetu ya kudhibiti kodi inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati kinachowaacha nje wengi wanaoishi katika ghorofa hizi. Bunge likibadilishe. Mpangaji akijua hatatupwa nje, atakuwa wa kwanza kuuonyesha ufa.

Lakini hatuwezi kungoja serikali ijitengeneze ndipo sisi tufungue midomo. Mvua za masika hazingoji. Mwenye kuona jengo linapasuka aandike, atie sahihi pamoja na wenzake, arudi ofisini hadi ajibiwe. Na atakayemwita mchongezi aulizwe, mbele ya watu, yeye anamlinda nani.