Tuanze na kiwakilishi

Kuwakaririsha wanafunzi orodha ndefu ya vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au zaidi ("phrasal verbs") sikubaliani nako. Wengi hukwama kwenye mpangilio wa maneno. "Turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi. Lakini redio ikishakuwa kiwakilishi "it", lazima kikae katikati: "turn it off". "Turn off it" ni kosa. Kwa "look after" mambo ni kinyume: hakigawanyiki, ni "look after her" basi. Kwa hiyo kila kitenzi kipya mwanafunzi akiulizie kwanza: kinagawanyika au hakigawanyiki? Sisi Waswahili tusiliogope jambo hili, maana tukisema "izime" tumeshaitia redio ndani ya kitenzi tangu utotoni.

Maana nazo zisikisiwe. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, na "put" peke yake haikuonyeshi njia ya kufika huko. Walimu, wapeni wanafunzi sentensi nzima, tena za maisha yao: darasani, dukani, kwenye kituo cha basi. Na kwenye barua rasmi waambieni "postpone" hukaa vizuri zaidi kuliko "put off".