Matusi si Utani

Hapana shaka kwamba katika mambo yanayowakusanya watu wa Tanzania bila kuulizana kabila wala dini, mpira wa miguu umeshika nafasi ya mbele. Klabu ya Young Africans iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwenziwe alifuata mwaka 1936, akajulikana kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971 alipoitwa Simba. Zilianza kama klabu za mji mmoja, zikawa mali ya nchi nzima. Bonde la Kilombero, ambalo li mbali na Jangwani na Msimbazi, limegawanyika nusu kwa nusu kama Kariakoo yenyewe. Mkulima wa mpunga wa Mngeta, mkata miwa wa Kidatu, mvuvi wa Kindamba, na kijana wa bodaboda katika soko la Ifakara, kila mmoja ana upande wake. Siku ya mchezo kibanda umiza hujaa mpaka mlangoni, na mchezo ukiisha maneno ndiyo kwanza huanza.

Taifa limezipa klabu hizi mbili jina zuri: watani wa jadi. Lakini jina zuri limekuwa pazia la jambo baya. Maneno ambayo sasa hutupwa baina ya mashabiki, kijiweni kwa sauti na katika simu kwa maandishi, yameacha mpira yakaingia katika tumbo la mama, katika ngozi ya mtu, katika kabila lake na katika maradhi yake. Aliyeshindwa huambiwa kwamba amekuwa mwanamke, kana kwamba kuwa mwanamke ni adhabu. Mwenye ualbino hukumbushwa rangi yake. Akitokea mtu wa kukanya, jibu huwa tayari: "Acha wee, huu ni utani tu." Jibu hilo ndilo linalostahili kupingwa, kwa kuwa ni dai la uongo juu ya mila ambayo wasemaji wenyewe hawaijui.

Utani si ruhusa ya kusema lolote kwa yeyote. Ni mkataba. Upo baina ya babu na mjukuu, upo baina ya mashemeji, na upo baina ya makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa. Vita vilipokwisha, wana wao wakawa watani, na mkuki ukageuzwa kuwa mzaha. Maana ya mkataba huo ilikuwa kuzuia damu isimwagike tena. Basi mtu anayelitumia jina la utani ili kuchochea uadui analitumia jina hilo kinyume cha kazi yake, kama mtu anayechukua maji ya kuzimia moto akayafanya ya kumzamishia jirani.

Mkataba huo ulikuwa na masharti, na aghalabu yalikuwa matatu. La kwanza, watani walijuana. Ruhusa ya mtani haikuwa ruhusa ya mpita njia. Aliyetania alisimama mbele ya aliyetaniwa, macho kwa macho, na aliyetaniwa alikuwa na haki ya kujibu papo hapo kwa kipimo kile kile. La pili, utani ulikuwa na wajibu nyuma yake. Mtani ndiye aliyekuja msibani akashika jembe la kaburi, akabeba kuni na maji, akamcheka marehemu mbele ya wafiwa ili machozi yapate kupumzika, kisha akadai ujira wake nao akapewa. Mwenye haki ya kucheka alikuwa ndiye mwenye deni la kuzika. La tatu, utani ulikuwa na kikomo, na mwenye kukivuka aliaibika yeye, si yule aliyemsema.

Sasa masharti hayo na yatumike kuyapima maneno ya mashabiki. Mashabiki wa Yanga huitwa vyura, kwa sababu uwanja wao wa Jangwani hujaa maji mto Msimbazi unapofurika. Huo ni utani halali. Unagusa jambo linaloonekana, unaugusa upande wote kwa pamoja, na mwenye kuitwa chura anaweza kucheka na kujibu. Vivyo hivyo kumkumbusha jirani idadi ya mabao aliyofungwa, au kumpelekea pole ya uongo asubuhi baada ya mchezo, ni utani mtamu ambao bila huo mpira ungekuwa chumvi iliyokosa ladha. Lakini tusi la mama wa mtu halina jibu la haki, kwa kuwa mama huyo hakucheza. Dhihaka ya ngozi haina jibu, kwa kuwa ngozi haifungwi bao. Tena mwenye kuandika tusi kutoka mahali pasipojulikana, kwa jina lisilo lake, amevunja sharti la kwanza kabla hajamaliza neno la kwanza. Wala hapana anayemtarajia msibani. Huyo si mtani. Ni mtukanaji aliyeazima kanzu ya mtani.

Wanafunzi wa lugha wana sababu nyingine ya kulitazama jambo hili, maana Kiswahili kina vyombo vya dharau katika sarufi yake yenyewe. Mtu akiitwa kijitu amepunguzwa. Akiitwa jitu amefanywa kioja. Husemwa "kipofu amekuja," na heshima ya utu hubaki katika kitenzi ingawa jina limo katika ngeli ya vitu. Lakini akisema mtu "kipofu kimekuja," silabi moja imemwondoa binadamu katika jamii ya watu ikamweka pamoja na viti na vikapu. Ndiyo sababu watu wenye ualbino wamelikataa jina la zeruzeru, wakataka watajwe kwanza kama watu, kisha ualbino ufuate. Wako wanaowacheka kwa madai hayo, wakisema kwamba neno ni neno tu. Lakini katika nchi ambamo watu hao wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, neno linalowatoa katika idadi ya watu si neno tu.

Bonde la Kilombero lina somo lake katika habari hii. Humo wamo Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga na Wahehe. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wakaja Wamasai, wakaja Wadatoga. Hao wa mwisho majirani wengi huwaita Wamang'ati, na wengi hulitamka neno hilo bila nia mbaya. Asili yake, hata hivyo, ni Kimasai, na maana yake ni adui. Basi watu wa jamii moja wameitwa adui asubuhi na jioni, sokoni na zahanati, mpaka mwitaji mwenyewe akasahau alichokuwa akisema. Bonde hilo hilo limejua migogoro ya mashamba na malisho, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Haisemwi hapa kwamba jina lilileta mgogoro. Ardhi na maji vilitosha. Linalosemwa ni kwamba siku mgogoro ulipofika, jina lilikuwa limekwisha fika. Ulimi unaozoea kumfanya mwenzake mnyama kwa ajili ya bao moja hautajifunza adabu ghafla siku ya kugombea mpaka wa shamba. Ni ulimi ule ule. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Wapinzani wa maneno haya wana hoja, na haifai kuzikwepa. Wa kwanza husema kwamba mashindano hayawezi kuwa na lugha laini, na anayetaka upole akae nyumbani. Historia inawakanusha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, ngoma ya beni ilizigawa pande mbili jumuiya nyingi za Afrika Mashariki, Marini huku na Arinoti huku, wakishindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo za kuchoma. Washairi wa Kiswahili nao, tangu Muyaka wa Mombasa katika karne ya kumi na tisa hata wale waliojibizana katika kurasa za Mambo Leo, walirushiana mishale mikali. Lakini mshale ulipaswa kuwa na vina na mizani, na mwenye kutukana bila ufundi alihesabiwa kuwa ameshindwa. Ukali na uchafu si ndugu. Tusi ni kimbilio la mtu aliyeishiwa na maneno, naye hudhani amelipata la mwisho.

Wa pili wana hoja nzito zaidi. Wao husema kwamba heshima ni silaha ya wakubwa ya kuwanyamazisha wadogo; kwamba kila mnyonge aliyewahi kudai haki aliambiwa hana adabu. Hilo ni kweli, wala halifai kufichwa. Wakati wa ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi, na yeye alipaswa kumjibu kijana wa kizungu kwa neno bwana. Heshima ya namna hiyo ilipanda juu tu, haikushuka. Lakini tazama dawa waliyoichagua watu baada ya uhuru: hawakusema kila mtu na amtukane mwenziwe, walisema kila mtu na aitwe ndugu. Mtukanaji wa leo hamtetei mnyonge. Aghalabu anaowachagua ni wanawake, wenye ulemavu, wageni na maskini, yaani wale wale ambao wakubwa wa jana waliwachagua. Shabiki ana haki kamili ya kumwambia kiongozi wa klabu kwamba ameharibu usajili, au mwamuzi kwamba ameona vibaya. Haki hiyo haihitaji kumtaja mama wa mwamuzi.

Wa tatu husema kwamba sheria ipo, na yatosha. Ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza matusi ya ubaguzi na unyanyasaji wa mtu kwa njia hiyo. Lakini sheria hukamata mmoja, na maelfu huendelea. Wala orodha ya maneno yaliyokatazwa haitoshi. Nchini Kenya, mwaka 2022, tume ya utangamano wa taifa ilitoa orodha ya namna hiyo, na ndani yake limo neno madoadoa. Je, kuna neno lisilo na hatia kuliko hilo? Chui ana madoadoa, kanga ana madoadoa. Liligeuka kuwa la kutisha lilipoelekezwa kwa jirani wa kabila jingine, awe doa la kuondolewa. Sumu haikuwa katika herufi, ilikuwa katika nia na mazoea. Ukilikataza neno moja na kuiacha nia, nia itazaa neno jingine kabla ya kesho kutwa.

Lililobaki basi ni kazi ya watu wenyewe, na hasa ya wale waliosoma. Wanafunzi wengi wa vyuo hucheka matusi haya na kuyasambaza, kisha huandika karatasi ndefu juu ya utu. Wao ndio wanaoweza kurudisha maana ya utani mahali pake: kukataa kucheka pale mzaha unapoingia katika mwili na ukoo wa mtu, kumtaka msemaji aweke jina lake chini ya neno lake, na kuwafundisha wadogo kwamba mtani ni mtu ambaye utamzika au atakuzika. Kanuni hiyo haimnyimi shabiki furaha yake. Mkulima wa Ifakara ataendelea kumwita jirani yake chura kila Yanga inapofungwa, na jirani atalipa deni hilo Simba inapofungwa. Jioni watakunywa kahawa kijiwe kimoja, na mvua zikifika watasaidiana kupalilia mpunga. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyejua mahali utani unapokoma hajawahi kuwa mtani wa mtu.