Ini Halihitaji Sindano Kama Ngozi Inavyohitaji Kisu

Ipo dhana inayoenea katika hospitali kubwa na katika mikutano ya matabibu, nayo ni kwamba zama za kumchoma mgonjwa sindano ndefu au kumkata kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama, kwa ajili ya kumpima zinakaribia kwisha, kwa kuwa vyombo vya mawimbi, vya mwanga na vya leza vinaweza leo kutazama yaliyo batini bila kuutoboa mwili. Na madhali mfano wa ini na mfano wa ngozi hutajwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, wengi wamechukulia kwamba hukumu ifaayo kwa kiungo kimoja yafaa vilevile kwa kingine. Naona hapo pamefanyika haraka. Kwa ini, sindano inastahili kuwekwa kando kwa wagonjwa walio wengi, na heri iwekwe mapema. Kwa ngozi, kisu kidogo kisiondolewe mkononi mwa tabibu, bali kizidishwe, na lenzi iwe ya kukiongoza tu. Nchi zetu zikikosea katika kupambanua mambo haya mawili zitanunua vyombo vya thamani na kuwaacha wagonjwa pale pale walipokuwa.

Tuanze na ini. Mwaka 1883 Paul Ehrlich wa Ujerumani alitumia sindano kuvuta chembe za ini la binadamu aliye hai, na mwaka 1958 Giorgio Menghini wa Italia akatangaza njia ya kulichoma kwa muda usiozidi sekunde moja, ndipo kipimo hicho kikaenea duniani. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kuume ukiwa nyuma ya kichwa, akapigwa ganzi baina ya mbavu, akaambiwa atoe pumzi yote na kuizuia, na kabla hajaivuta tena sindano imekwisha kuingia na kutoka. Kisha hulazwa ubavu wa kulia kwa saa kadhaa, muuguzi akija na kurudi kumpima shinikizo la damu, asije akawa anavuja ndani. Wengi huumwa, aghalabu maumivu yakipanda mpaka begani, wachache huvuja damu, na takriban 1 kati ya 10,000 hufa. Fauka ya hayo, kile kijiti cha nyama kinachopatikana ni kama sehemu 1 katika 50,000 ya ini zima, nayo makovu ya ini hayakutandazwa sawasawa, hata ikawa sindano ikipita kushoto kidogo hutoa habari moja na ikipita kulia hutoa nyingine. Hiki ndicho kipimo tulichokiita cha yakini.

Chombo kilichokuja kukishindania kilitoka Ufaransa, na taarifa yake ya kwanza kuhusu wagonjwa ilichapishwa mwaka 2003. Jina lake FibroScan. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 3, hulala vilevile alivyolala wa sindano, akapakwa mafuta mazito ya ultrasaundi ubavuni, na kichwa cha chombo kikamgonga taratibu mara 10. Kila pigo moja hupeleka wimbi ndani ya ini, na kwa kuwa wimbi hukimbia upesi zaidi katika ini lililokakamaa kuliko katika ini laini, chombo huhesabu mwendo wake na kutoa nambari kwa kipimo cha kilopaskali. Ini la mtu mwenye siha husoma aghalabu 5 hivi. Likipita 12 na nusu, tabibu huanza kudhani sirosisi, yaani makovu yaliyokwisha kulibadili umbo. Dakika chache, bila tone la damu, na mgonjwa hushuka kitandani akaenda zake.

Wenzetu wa Ulaya husema chombo hiki kimeiondoa sindano. Kwetu usemi huo hauna insafu, kwa sababu sindano yenyewe haikuwa imeenea: hospitali yenye tabibu aliyezoea kuichoma, damu ya akiba kwa mgonjwa atakayevuja, na mwanapatholojia wa kukisoma kinyama, ilikuwa haba sana nje ya miji mikuu. Tabibu wa wilaya alikuwa akilipapasa tumbo, akatazama macho kama yana umanjano, akaangalia kama miguu imevimba, na kwa dalili hizo, ambazo zote huja ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, akakata shauri. Basi hapa petu kipimo kisichotoboa hakikuja kushika mahali pa sindano bali pa kubahatisha, na faida ya hivyo ni kubwa kuliko ile wanayoihesabu wenzetu.

Lakini nambari itokayo katika chombo haina maana mpaka ijulikane imetoka katika ini la nani. Mtu aliyekula chakula kizito muda mfupi uliopita husoma juu, na kadhalika mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, na mwenye homa ya ini iliyopamba moto. Hao wote waweza kuambiwa wana makovu ambayo hawanayo. Kinyume chake ndicho kinachonitia hofu zaidi. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, Ukerewe na visiwa vinginevyo, kichocho cha tumbo kimekuwa maradhi ya wavuvi, ya wanawake wachotao maji na ya watoto waogeleao, na mayai ya minyoo yake hukwama katika matawi ya mshipa mkuu uletao damu katika ini, yakajenga makovu kuizunguka mishipa hiyo, ilhali nyama ya ini yenyewe ikabaki laini kwa muda mrefu. Mtu huyo bandama lake huvimba, mishipa ya umio wake hujaa damu mpaka ikapasuka, naye akatapika damu beseni zima mbele ya aila yake. Na bado kipimo cha ukakamavu wa ini lake huwa chini kuliko cha mwenye sirosisi. Chombo kilichojifunzia kwa wagonjwa wa homa ya ini C wa Ufaransa, kikiachiwa kuhukumu peke yake, kitamrudisha mvuvi huyu nyumbani.

Kwa mgonjwa wa namna hii ipo njia nyingine iliyokuwapo kabla ya chombo hicho kuzaliwa, nayo ni ultrasaundi ya kawaida. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, mji mkuu wa Niger, wakapanga jinsi ya kuyasoma makovu ya kichocho kwa picha hizo, na Shirika la Afya Duniani likauchapisha mwongozo wao mwaka 2000, wenye picha za mfano zilizopewa herufi ili msomaji azilinganishe na anachokiona. Makovu hayo huonekana kama pete nyeupe zilizoizunguka mishipa, na mtu aliyefundishwa vyema huyatambua. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mkoa wa kando ya ziwa wenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na ununue ultrasaundi za kubebeka na kuwafundisha matabibu wasaidizi kuzisoma, kabla ya kuweka FibroScan moja katika hospitali ya rufaa ambayo mvuvi hufika akiwa amechelewa.

Mipaka ya nambari nayo yataka hadhari ileile. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zisizo na vyombo zitumie hesabu ya damu iitwayo APRI, inayopatikana kwa kulinganisha kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe sahani, na likaweka 2 kuwa mpaka wa kudhania sirosisi. Hesabu hiyo ilipopimwa kwa Waafrika wenye homa ya ini B, mpaka huo ulionekana kuwa juu mno, ukiwapita wengi waliokuwa wagonjwa kweli. Wataalamu wa Gambia na Senegali pamoja na wenzao wa Ulaya walitoa mwaka 2016 hesabu nyingine, GPR, waliyoijenga kwa wagonjwa wa huko huko. Na mwongozo wa Machi 2024 ukashusha mipaka, ikawa APRI iliyozidi 0.5, au ukakamavu uliozidi kilopaskali 7, yatosha kumpa mtu mzima haki ya kuanza dawa. Ilichukua miaka 9, na watu waliopitwa katika miaka hiyo hawakuwa nambari. Pia kipimo bila dawa ni taabu tupu: tenofovia, dawa inayoituliza homa ya ini B, imo katika kliniki za UKIMWI na hutolewa bila malipo, lakini mwenye homa ya ini asiye na virusi vya UKIMWI aghalabu huambiwa kwamba dawa ile si yake.

Nageukia ngozi, na hapa hoja yangu hupinduka. Kinyama cha ngozi si kama cha ini. Ganzi kidogo, kitoboleo cha mviringo chenye upana wa milimita 4, mshono mmoja au miwili, na mgonjwa hurudi shambani siku ileile. Gharama ni ndogo, hatari ni ndogo, na kinachopatikana ni tabaka zote kutoka juu hata mafuta. Leza ya kisasa inayoitazama ngozi ikiwa hai huishia kina cha kama robo ya milimita, nayo hupotea katika gamba gumu. Watu wenye ualbino, ambao jua la kwetu huwachoma tangu utotoni, hupatwa zaidi na saratani ya ngozi yenye magamba na vidonda, na swali la mpasuaji ni imezama kiasi gani, swali ambalo picha ya juujuu hailijibu.

Ushahidi upo wa kutosha kwamba jicho halitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu saratani ya Kaposi nchini Kenya na Uganda ulionesha kwamba takriban robo ya wale ambao matabibu waliwadhania kuwa nayo, vinyama vyao havikuithibitisha. Dawa za saratani ni nzito; kumtia mtu dawa hizo kwa doa la zambarau lililokuwa jambo jingine ni dhuluma, hata kama nia ilikuwa njema.

Sisemi lenzi haina kazi. Demoskopu, kioo kidogo chenye taa kikuzacho mara 10, hufaa sana katika unyayo, mahali ambapo melanoma ya watu weusi hupenda kuota. Ukikiweka juu ya doa jeusi la wayo huiona ile mistari ya ngozi kwa matuta na mifereji yake: rangi ikifuata mifereji, aghalabu ni salama, ikitanda juu ya matuta, ni ishara mbaya, na kinyama kikatwe bila kuchelewa. Kioo hicho huingia mfukoni, na kila tabibu wa ngozi anayefundishwa katika kituo cha KCMC pale Moshi angestahili kurudi kwao nacho.

Ninachokikataa ni programu za simu zinazodai kuitambua saratani kwa picha. Ile iliyotangazwa na wataalamu wa Stanford mwaka 2017 ilifundishwa kwa picha zipatazo 130,000, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata, lakini hazina za picha hizo zimejaa ngozi nyeupe; na zilipojaribiwa mwaka 2022 kwa picha za ngozi nyeusi zenye majibu ya kinyama, uhodari wao ulishuka. Tiba yake haipatikani kwa kununua programu mpya, bali kwa kukusanya picha za wagonjwa wetu, kwa idhini yao, kila picha ikiambatana na jibu la mwanapatholojia. Yaani hata mashine itakayokuja kupunguza kukata yahitaji kwanza tukate na kusoma kwa wingi kuliko sasa.

Tanzania na Kenya zilipitisha mwaka 2023 sheria za bima ya afya kwa watu wote, na vitita vya huduma zitakazolipiwa ndivyo vitakavyoamua haya yote kuliko mkutano wowote wa matabibu. Ningependa kuona humo ultrasaundi ya ini kila miezi 6 kwa mwenye homa ya ini B aliye hatarini, hesabu ya damu katika kituo cha afya cha kata, tenofovia kwa anayestahili, na malipo kamili ya kinyama cha ngozi, tangu ganzi, na kichupa cha fomalini, na nauli ya kukifikisha maabara, hata ujira wa yule atakayekisoma.